Kutafuta kazi mtandaoni: lifuate tangazo hadi kwenye chanzo chake kabla hujaomba

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu.

Kila wiki humu huulizwa maswali yaleyale kuhusu kutafuta kazi kwa njia ya mtandao: kwamba mtu ameomba nafasi nyingi na hajaitwa hata kwenye usaili mmoja, kwamba tovuti hizi ni kiini macho, kwamba bila kujuana hakuna kitu. Nina steshenari karibu na chuo kimoja hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya wateja wangu ni wahitimu wanaokuja kujaza maombi, kwa hiyo naona maombi mengi kuliko anavyoona mtu anayejiombea peke yake. Hoja yangu ni kwamba waombaji wengi huondolewa kabla mtu yeyote hajautazama uwezo wao, na huondolewa kwa sababu hawakulisoma tangazo lenyewe. Walisoma nakala iliyofupishwa na mtu mwingine, ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp, ikawafikia siku mbili kabla ya mwisho wa maombi.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu ukubwa wa shindano. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji zaidi ya 10,000 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wagombee nafasi 70, na wengi mnazikumbuka picha za vijana waliojaa majukwaani na karatasi mapajani. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596, yaani watu wapatao 85 kwa kila nafasi. Usaili wa walimu ulioanza Januari mwaka huohuo ulikuwa na waombaji 201,707 kwa nafasi 14,648. Mtandao umeondoa gharama ya bahasha na safari ya kupeleka maombi kwa mkono, lakini haukuongeza nafasi hata moja, na kwa kuwa kuomba kumekuwa rahisi, wanaoomba wameongezeka. Mwajiri mwenye maombi mengi namna hiyo huanza kwa kutafuta sababu ya kuondoa. Ukimpa sababu hiyo mwenyewe, usimlaumu.

Sasa chanzo. Kwa ajira za serikali upande wa Bara, chombo kikuu ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 8 ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, na maombi hupokewa kupitia mfumo wake wa mtandaoni, Ajira Portal, pekee. Hata hivyo, si kila ajira ya umma hupita hapo. Jeshi la Polisi, Magereza na Uhamiaji wana mifumo yao, na kwa miaka kadhaa walimu na watumishi wa afya waliomba kupitia mfumo wa TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) kabla walimu hawajahamishiwa Ajira Portal. Ndiyo maana tangazo linaloanza kwa maneno "Serikali yatangaza ajira mpya, bonyeza hapa" halikusaidii chochote. Uliza ni taasisi ipi, kumbukumbu namba ngapi, tarehe ngapi, na maombi yanatumwa kupitia mfumo upi. Blogu za ajira zinafaa kwa kukujulisha kwamba kuna kitu kimetangazwa. Zikishakujulisha, toka humo uende kwenye tovuti ya taasisi ukapakue tangazo kamili.

Nasisitiza tangazo kamili kwa sababu yale masharti ya jumla yaliyo ukurasa wa mwanzo au wa mwisho ndiyo ambayo blogu huyakata. Humo ndimo imeandikwa kwamba mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kazini serikalini. Humo imeandikwa kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, wala matokeo ya muda ya chuo. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Imeandikwa kwamba vyeti vithibitishwe na wakili, kwamba aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimehakikiwa na TCU (vyuo vikuu), NECTA (mitihani ya shule) au NACTVET (elimu ya ufundi), kwamba wasifu uwe na anwani, namba za simu na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, na kwamba barua ya maombi isainiwe. Hilo la kusaini linaonekana dogo mno kiasi cha kuchekesha, lakini kila msimu napokea vijana wenye barua nzuri, zenye lugha safi, zisizo na saini wala tarehe. Barua waliyoiombea kazi nyingine mwezi uliopita wameibadilisha jina la cheo tu, na pale juu anwani imebaki ya mwajiri yule wa kwanza.

Jambo jingine ni akaunti. Ajira Portal si mahali pa kuingia siku ya mwisho saa nne usiku, wakati mfumo umelemewa na bando limekwisha. Akaunti ikishafunguliwa kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kujazwa vizuri, taarifa zako hubaki humo, na tangazo likitoka kazi yako inakuwa kuandika barua na kuomba. Jazeni sasa, wakati hakuna tangazo linalowahusu. Ingizeni vyeti vyote, hakikisheni kozi mliyosoma imeandikwa kama ilivyo kwenye cheti, na sehemu ya makazi iwe ya mkoa mnaoishi kweli, kwa sababu usaili wa mchujo umekuwa ukifanyika mikoani kwa kufuata mahali ambapo mwombaji ameandika kuwa anaishi. Aliyeacha anwani ya Kagera wakati anaishi Mbagala asishangae akipangiwa Bukoba. Vilevile akaunti iwe yako, yenye barua pepe yako na nywila unayoikumbuka. Nasema haya kama mtu wa steshenari: msikubali mwenye steshenari awafungulie akaunti kwa barua pepe yake, kwa kuwa namba ya mtihani na baadaye barua ya kupangiwa kituo hupatikana ndani ya akaunti hiyohiyo.

Kwa sekta binafsi hali ni nyingine. Tovuti kama BrighterMonday, iliyoanzia Kenya mwaka 2006, au LinkedIn, hubeba matangazo ya waajiri wengi kwa pamoja, na baadhi ya matangazo hubaki hapo hata baada ya nafasi kujazwa. Kwa mashirika ya misaada kuna ReliefWeb, inayoendeshwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu, na humo unaweza kuchagua nchi na aina ya kazi. Huku ushauri wangu ni uleule: ukishaliona tangazo, nenda kwenye tovuti ya kampuni au shirika lenyewe uone kama nafasi bado ipo, na uombe kwa njia waliyoitaja wao.

Mwisho, fedha. Hakuna ada ya kuomba kazi serikalini. Umoja wa Mataifa huandika wazi kwenye matangazo yake kwamba hautozi chochote katika hatua yoyote ya kuajiri. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, ibara ya 7, unakataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mtafuta kazi, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo anayekuomba elfu ishirini ya fomu, ya vipimo vya afya, ya sare au ya "kufungua faili" ni mwizi, hata kama nembo aliyoweka ni ya kampuni unayoifahamu. Namba ya tapeli itumeni kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Mkuu, uzi wako ni mzuri na nimejifunza, lakini naona umemtwisha mwombaji lawama zote. Mimi nimesaini barua, nimethibitisha vyeti, nimejaza kila kitu kama ulivyosema, nimeitwa kwenye mchujo, nimefaulu, nimeitwa kwenye mahojiano, na jina halikutoka. Tangazo la kuitwa kwenye usaili huandika kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Kwa kijana asiye na kipato, aliyeitwa Dodoma kwa mahojiano, hiyo nauli na gesti ni mkopo kutoka kwa mjomba, na mjomba hakopeshi kila mara. Kwa sekta binafsi ndiyo usiseme. Kuna matangazo yanayotolewa ili kutimiza utaratibu wakati mtu wao ameshakaa kwenye kiti. Je, hilo nalo litatibiwa kwa kusoma tangazo vizuri?

Mchangiaji, afisa rasilimali watu, Dar es Salaam

Naomba nijibu hoja ya ndugu wa Mwanza kwa uwazi, kwa kuwa nimekaa upande wa pili wa meza kwa muda mrefu, katika kampuni binafsi.

Ni kweli kwamba yapo matangazo ambayo mwenye nafasi anajulikana. Mara nyingi ni mtu aliyekuwa akikaimu, au aliyekuwa na mkataba wa muda, na sera ya kampuni inataka nafasi itangazwe kabla ya kuthibitishwa. Dalili zake zipo kwa anayesoma kwa makini: muda wa maombi ni mfupi mno, na sifa zimebana kupita kiasi, kwa mfano uzoefu wa mfumo fulani wa hesabu ambao kampuni tatu tu nchini zinautumia, pamoja na lugha fulani, pamoja na kuishi wilaya fulani. Tangazo la namna hiyo limeandikwa kwa kumtazama mtu. Liache, usipoteze bando lako.

Yasiyo ya namna hiyo ni mengi pia, na hapo namuunga mkono mleta mada. Tunapopokea maombi mengi, hatusomi wasifu wote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwanza tunatenga wale wasiotimiza masharti yaliyoandikwa kuwa ni ya lazima. Kampuni kubwa hufanya hivyo kwa programu inayotafuta maneno ya sifa zilizotajwa, na kampuni ndogo hufanya kwa macho, lakini mantiki ni moja. Kama tangazo limesema "leseni ya udereva daraja C" nawe umeandika "najua kuendesha magari makubwa", programu haitakuona, na mimi niliyechoka jioni huenda nisikuone. Tumieni maneno ya tangazo pale ambapo ni ya kweli kwenu. Wasifu uliopambwa kwa safu mbili, michoro na picha mara nyingi husomeka vibaya na programu hizo, kwa hiyo ukurasa wa kawaida wenye vichwa vya habari vinavyoeleweka unatosha. Na jina la faili liwe jina lako pamoja na nafasi unayoomba. Hamtaamini ni maombi mangapi hufika yakiwa na faili linaloitwa "wasifu mpya wa mwisho kabisa 3".

Kuhusu kutuma maombi mengi kwa wakati mmoja, nina msimamo mkali kidogo. Mtu anayebonyeza kitufe cha kuomba kwenye kila nafasi ya kampuni yetu, kuanzia mhasibu hadi mtunza bustani, tunamwona kwenye mfumo, na tunaelewa kwamba hajui anachokitaka. Bora maombi machache yaliyoandikwa kwa kulijibu tangazo.

Suala la nauli na malazi sina jibu lake. Ni mzigo wa kweli. Kwa upande wetu siku hizi mahojiano ya kwanza hufanyika kwa simu au kwa video, na ni halali kabisa mwombaji aliye mbali kuuliza kwa heshima kama hilo linawezekana.

Mchangiaji kutoka Unguja

Assalaam alaykum nyote. Naongeza jambo ambalo ndugu zetu wa Bara hulisahau: Ajira Portal si mlango wa ajira za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Huku mwenye dhamana ni Tume ya Utumishi Serikalini, maombi yana mfumo wake wa Zan Ajira, na utatakiwa kitambulisho cha Mzanzibari. Kila tangazo la huku linaposambazwa kwenye makundi ya Bara, watu hupoteza muda kulitafuta kule ambako haliwezi kuwepo.

La pili ni kazi za Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambazo sasa hutangazwa zaidi Facebook na WhatsApp kuliko mahali pengine popote. Zipo za kweli, na wapo ndugu zetu wanaoishi kwa kazi hizo na wamejenga nyumba. Lakini wakala anayepeleka watu nje anatakiwa awe na leseni: kwa Zanzibar unauliza Kamisheni ya Kazi, kwa Bara unauliza ofisi ya Kamishna wa Kazi. Dada anayeambiwa asafiri kwa viza ya matembezi kisha "mambo yatarekebishwa hukohuko" asiondoke. Mkataba ausome akiwa bado nyumbani, na nakala yake aiache kwa mzee wake.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Hilo la wakala ndilo limenifanya niandike. Kwetu Kenya kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, nayo ina orodha ya mawakala waliosajiliwa ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua mtandaoni. Hata hivyo watu bado wananaswa, na sasa si wafanyakazi wa nyumbani pekee. Tangu 2022 serikali yetu imelazimika kusaidia kuwarejesha Wakenya walioahidiwa kazi za ofisini nchini Thailand, wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika majengo ambamo walilazimishwa kuwatapeli watu mitandaoni. Walionaswa ni vijana wenye digrii, wanaozungumza Kiingereza kizuri na wanaojua kompyuta, yaani watu wa aina yetu sisi tunaosoma uzi huu. Tangazo lilikuwa na mshahara mnono kwa kazi isiyohitaji uzoefu, usaili ulikuwa wa dakika chache kwa simu, na tiketi ya ndege ililipwa na mwajiri. Hiyo tiketi ndiyo iliyowafanya wengi waamini, kwa sababu tumezoea kudhani tapeli ni yule anayeomba pesa.

Kwa kazi za serikali huku, kumbukeni kwamba Tume ya Utumishi wa Umma haishughulikii kila nafasi. Kila moja ya kaunti 47 ina bodi yake ya utumishi wa umma na hutangaza kwenye tovuti yake. Mwenyeji wa Kilifi anayeingia tovuti ya tume pekee atazikosa nafasi za kaunti yake mwenyewe.

Mchangiaji kutoka Iringa

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mhitimu wa mwaka jana na nina maswali mawili. Cheti changu cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, na cha chuo kina jina la babu badala ya la baba. Je, hilo ni tatizo? Pili, rafiki yangu aliitwa kazini wakati hakufanya usaili wowote mwaka huu. Tukaanza kumhisi vibaya. Inawezekanaje?

Mleta mada

Marahaba dada yangu. Naanza na swali la pili, kwa kuwa ndilo linalozua maneno mengi mitaani. Wapo wasailiwa wanaofaulu lakini nafasi zilizotangazwa zikawa zimekwisha kwa waliowazidi alama. Hao huingizwa kwenye kanzidata, na mwajiri mwingine wa umma akihitaji watu wa kada hiyohiyo wanaweza kupangiwa kutoka humo bila usaili mpya. Matangazo ya kuitwa kazini huandika kabisa kwamba orodha inajumuisha baadhi ya waliokuwa kwenye kanzidata za saili mbalimbali. Kwa hiyo rafiki yako pengine alifaulu usaili wa zamani, akasubiri. Ndugu wa Mwanza naye alisikie hili: kukosa jina kwenye orodha moja baada ya kufika mahojiano hakumaanishi kwamba milango yote imefungwa, lakini pia usikae kuisubiri kanzidata kana kwamba ni ahadi. Endelea kuomba. Kuhusu nauli umenishinda, sina la kubisha.

Swali la majina ni zito zaidi kuliko unavyodhani, na ningependa ulishughulikie wiki hii badala ya kusubiri tangazo. Siku ya usaili utatakiwa kuwa na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho, na msailiwa ambaye majina yake hayalingani hutakiwa kuwa na hati ya kubadili jina. Hati hiyo huandaliwa na wakili kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na mambo hayo yana gharama na huchukua muda ambao tangazo la siku kumi na nne halitakupa. Anza kwa kutazama NIDA yako imeandikwa vipi, kwa sababu akaunti yako ya maombi hufuata jina la NIDA. Kisha nenda kwa wakili ukiwa na vyeti vyote mezani, mwonyeshe tofauti zote tatu kwa pamoja ili zote ziingie kwenye hati moja. Kwa jina la babu, uliza pia chuoni kama waliliandika hivyo wakati wa udahili kwa kufuata fomu yako au ni kosa la uchapaji, maana kosa lao ni wao wanaopaswa kulirekebisha.

Na tafadhali, picha za vyeti na namba ya NIDA usimtumie mtu yeyote kwa WhatsApp kwa maelezo kwamba atakusaidia kukagua, hata akijitambulisha kuwa ni afisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini taarifa zikishatoka mkononi kuzirudisha ni kazi. Ukitaka kujua kama kuna laini za simu zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA bila wewe kujua, piga *106#.